Utani, Mgeni na Mgonjwa

Mtumishi wa afya anayehamia Bariadi kutoka mkoa mwingine huenda akataniwa kuhusu kabila lake hata kabla hajauzoea mji. Hiyo si dharau. Wasukuma, walio wengi mkoani Simiyu, ni miongoni mwa jamii zenye utani na makabila mengine. Utani wa namna hiyo, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, ulikuzwa na misafara ya biashara ya karne ya 19: msafiri alihitaji watu wa kumpokea ugenini, kumlisha na, akifa, kumzika.

Katika kituo cha afya, utani hupunguza hofu. Mgonjwa aliyecheka huthubutu kuuliza. Lakini ugonjwa wenyewe hautaniwi. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6. Anayechekwa kwa kikohozi chake aweza kuacha dawa, na vimelea vikawa sugu. Kwa hiyo mhudumu atangulize salamu, atanie kabila au chakula cha kwao pale tu utani unapojulikana na wote wawili, na asiguse maradhi wala utasa. Mgonjwa naye ana haki ya kusema, "Hapa tusitaniane," na kuhudumiwa faraghani.