Picha mnato, shule ya filamu ya jangwani

Watengeneza filamu wa ridhaa wanaopenda jangwa huwa na picha mnato za aina mbili: za mandhari waliyoyapita na za siku za kurekodi. Wengi huziweka kama kumbukumbu tu. Kwangu mimi hizo ni nyenzo za kazi, tena zenye thamani kuliko vifaa vingi vya gharama. Jangwani hakuna kuta wala miti ya kusitiri uamuzi mbaya. Una mwanga, umbali na mchanga, na vyote vitatu vinaweza kusomwa kwa picha mnato kabla mwigizaji hajaitwa.

Tuanze na mwanga. Kipimamwanga cha kamera hukadiria kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu. Kikikutana na mchanga unaong'aa, hupunguza mwanga kupita kiasi. Ndiyo maana matuta ya White Sands huko New Mexico, Marekani, ambayo ni ya jasi nyeupe, mara nyingi hutoka ya kijivu kwa mgeni. Dawa ni kuongeza mwanga kwa ngazi moja hadi mbili juu ya kipimo cha kamera. Kila ngazi unayopanda, mwanga huwa maradufu.

Hapo ndipo njia ya mpigapicha na ya mtengeneza filamu zinapoachana. Mpigapicha akiona mwanga umezidi, huongeza kasi ya shata. Filamu ya fremu 24 kwa sekunde, kwa desturi, huhitaji shata ya takriban sehemu 1 ya 50 ya sekunde ili mwendo uonekane wa kawaida. Piga hesabu: kwenye jua kali, kamera ikiwa ISO 800 na lenzi f/16, kasi inayofaa ni karibu 1/800. Kushuka hadi 1/50 huongeza ngazi 4 za mwanga. Ukifungua lenzi hadi f/4 ili uso wa mwigizaji ujitenge na matuta ya nyuma, umeongeza ngazi 4 nyingine. Jumla ni ngazi 8, yaani mwanga mara 256 ya unaotakiwa. Kichujio cheusi cha kupunguza mwanga, basi, ni cha lazima, na siku ya kukagua eneo picha chache zilizopigwa kwa mipangilio ya filamu zitakuonyesha ubebe cha nguvu gani.

Pembe ya jua nayo ina neno lake. Saa sita mchana matuta hupoteza umbo, kwa kuwa kila upande unamulikwa sawa. Jua likiwa chini, kila wimbi la mchanga hupata kivuli chake. Ansel Adams alilionyesha hilo miaka ya 1940 katika picha yake ya macheo kwenye matuta ya Death Valley, California, ambamo ukingo wa tuta unatenga mwanga na giza. Lakini usiutupe mchana wote. Mchanga mweupe hurudisha mwanga juu na kulainisha vivuli vya chini ya kidevu. Piga uso uleule kila saa, asubuhi hadi jioni, na ratiba ya kurekodi itajiandika yenyewe.

Umbali una mfano mkubwa katika *Lawrence of Arabia*, filamu ya David Lean ya mwaka 1962. Sherif Ali, aliyeigizwa na Omar Sharif, anatokea mbali sana kama nukta inayotetemeka juu ya mazigazi. Mpigapicha mkuu, Freddie Young, alirekodi tukio hilo nchini Jordan kwa lenzi ndefu ya milimita 482. Mazigazi hutokea hivi: hewa iliyogusa ardhi ya moto huwa nyepesi kuliko ile ya juu yake, hivyo hupinda miale, na macho huona anga pale inapotarajiwa ardhi. Lenzi ndefu hukuza mtetemo huo, tena hufanya anayekuja aonekane hasogei. Ardhi tambarare yenye joto kali, kama ile ya Chalbi kaskazini mwa Kenya, inaweza kukupa mazingira hayo. Nenda na lenzi yako ndefu kuliko zote, upige picha, ujue mtetemo unaanza saa ngapi na unaonekana kutoka umbali gani.

Mchanga ndio usiosamehe. Nyayo zikishaingia kwenye fremu, tuta hilo limeharibika kwa siku hiyo, labda upepo uzifute. Kwa hiyo rekodi picha pana kwanza, za karibu baadaye. Piga picha mnato kutoka mahali kamera itakaposimama, kisha uchore juu yake njia ya waigizaji na njia ya mafundi. Wakati wa kurekodi, kila baada ya kipande kurekodiwa, piga picha nyingine: mkunjo wa kilemba, vumbi begani, urefu wa kivuli. Mhariri atakapounganisha vipande vya asubuhi na alasiri, hizo ndizo zitakazolinda mwendelezo.

Kamera yenyewe ifunike kwa kitambaa cheupe, kwani nyingi zimetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi joto 40 tu. Usibadilishe lenzi penye upepo. Vumbi lililo kwenye kioo cha lenzi lipulize kwanza, usilifute kwa kitambaa, maana chembe za mchanga hukwaruza.

Mwisho, kila picha iandikie saa, upande uliotazama, lenzi na mahali. Mwenye fedha nyingi anaweza kurudi jangwani kurekodi upya. Wa ridhaa, aliyeazima gari na kuomba marafiki siku moja ya mapumziko yao, hana nafasi hiyo. Deni lake kwao ni kufika akiwa ameshajua la kufanya, na picha mnato ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kulilipa.