Kujiajiri Baada ya Ajali Hakufuti Pensheni



Wako wenzetu waliokatwa vidole na mashine viwandani, au walioumia mgongo katika mashamba ya chai, ambao wanakaa nyumbani bila kazi. Ukiwauliza kwa nini hawaanzi hata kushona nguo au kuuza mboga, hujibu: "Nikionekana nafanya kazi, pensheni itakatwa." Hofu hiyo imewafunga wengi bure. Tuangalie utaratibu uliowekwa na sheria ya tarehe 22 Agosti 1974.

Kwanza, posho ya kila siku. Aliyeumia kazini hulipwa asilimia 75 ya wastani wa mshahara wake wa siku, kwa muda usiozidi siku 180. Posho hii hushika nafasi ya mshahara wakati daktari amesema huwezi kufanya kazi. Basi usifungue kibanda wakati huo, utakuwa umejipinga mwenyewe.

Pili, pensheni ya ulemavu wa kudumu uliotokana na kazi. Hii hufuata kipimo cha daktari, wala si mapato ya duka lako. Aliyelemaa kabisa hupata asilimia 85 ya wastani wa mshahara wake wa mwezi. Wengine hupata kwa kadiri ya kipimo chao. Mfano: mshahara ulikuwa faranga 60,000. Asilimia 85 yake ni 51,000. Ukipimwa ulemavu wa asilimia 40, utapata 20,400 kila mwezi, ushone usishone. Ulemavu ulio chini ya asilimia 15 hulipwa mara moja tu, na fedha hizo zaweza kuwa mtaji. Kipimo chaweza kurudiwa, lakini kinachopimwa ni mwili wako, si cherehani.

Tatu, ulemavu usiotokana na kazi. Hapo hutazamwa uwezo wa mtu kujipatia riziki. Mwenye pensheni hiyo aulize kwanza Bodi ya Hifadhi ya Jamii, RSSB, kabla ya kuanza biashara.

Jambo moja lisisahauliwe. Kiwandani, mwajiri hulipa asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya ajali za kazi. Ukijiajiri, hakuna mwajiri wa kukulipia. Ukiumia tena, mzigo ni wako. Kwa siku za uzee, waweza kuchangia RSSB kwa hiari, au kuweka akiba katika Ejo Heza, mpango uliowekwa na sheria ya mwaka 2017.

Tunzeni vyeti vya daktari na karatasi za mshahara. Na yeyote mwenye shaka amwone mjumbe wa chama mahali pake pa kazi, wala asikae nyumbani kwa sababu ya maneno ya mitaani.