Chumba cha Mwanafunzi Kifanane na Nyumbani

Kijana akitoka kijijini kwenda kusoma Nairobi, usiku wa kwanza ndio mrefu. Chumba alichopanga kina kitanda, balbu moja na kuta zenye madoa. Wengine hukimbilia kununua zulia na redio kwa pesa za mkopo wa masomo, halafu kabla muhula kuisha wanalala njaa. Ya nini?

Anza na ukuta. Mwenye nyumba akikubali, upake chokaa. Ni rahisi kuliko rangi, na chumba chenye giza kitapata mwanga. Ukuta ukiwa na unyevu usiufunike kwa kitambaa, maana ukungu utaota nyuma yake.

Halafu leso. Huuzwa mbili zikiwa zimeshikana. Zitenganishe, pinda ncha kwa sindano, moja iwe pazia na ya pili itandike kitandani. Kama mama amekupa zake, hizo ndizo bora, hata zikiwa zimepauka. Sanduku la mbao la nyanya, ukilisugua kwa msasa, ni rafu nzuri ya vitabu.

Lakini jamani, jiko la makaa! Mwezi wa Julai Nairobi kuna baridi, na jiko chumbani linakukumbusha nyumbani kabisa. Usilale nalo. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na huua mtu akiwa usingizini, hata makaa yasipotoa moshi. Pika nje, na jiko libaki huko huko. Baridi ikizidi, waambie wazazi wakutumie blanketi ya pili.