Sufuria la shule ni soko la mkulima wa Nduruma

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa Nduruma anapovuna mahindi ya masika, mara nyingi huyauza hapo hapo shambani. Bei iko chini kwa kuwa kila mtu anauza, lakini madeni ya mbegu na mbolea hayasubiri. Miezi michache baadaye kamati ya shule huenda ikanunua mahindi ya namna hiyo hiyo dukani, kwa bei ya juu, ili watoto wapate makande ya mchana. Mkulima amepata hasara, na mzazi naye vile vile.

Tatizo linaanzia kwenye swali la nani analipa. Elimumsingi bila malipo ilipoanza Januari 2016, serikali ilifuta ada na michango ya lazima, lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki jukumu la mzazi. Wazazi wengi walielewa kuwa hata chakula ni bure, wakaacha kuchangia.

Wenzetu wamefanya nini?

Marekani, serikali huwalisha watoto hata wakati wa likizo ndefu ya kiangazi. Mpango huo ulianza kwa majaribio mwaka 1968, na waendeshaji hurudishiwa gharama kwa idadi ya sahani walizogawa. Kenya ilianza mwaka 2009 kuzipa shule fedha zinunue chakula katika masoko ya jirani. Mwaka huo huo Brazil ilipitisha sheria iliyotaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo.

Kwa Kenya na Brazil, fedha ya chakula cha mtoto ikawa pia soko la mkulima.

Hesabu ya gunia

Tuchukulie shule yenye wanafunzi 500. Kila mmoja akila gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage, kwa siku zinahitajika kilo 60 za mahindi na kilo 15 za maharage. Kwa siku 194 za masomo, hayo ni mahindi kilo 11,640, yaani magunia zaidi ya 116 ya kilo 100, na maharage magunia 29. Bado mchicha na nyanya za mifereji, mafuta, chumvi, kuni na usafiri, ambavyo ni riziki ya mfanyabiashara mdogo.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, kamati na kikundi cha wakulima waandikiane kabla ya kupanda: kiasi, ubora, namna ya kupanga bei na siku ya malipo. Mkulima akikopwa muda mrefu atarudi kwa mchuuzi.

Pili, mzigo upimwe kwa mizani. Lumbesa isipewe nafasi.

Tatu, mahindi yakaushwe vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo, na yahifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu kuvu. Gunia lenye ukungu lisiingie jikoni hata likiuzwa nusu bei.

Nne, mzazi asiye na fedha aruhusiwe kuleta debe la mahindi, kuni au nguvu zake. Mtoto asinyimwe sahani kwa sababu baba yake hajalipa. Njaa haimwachi asikilize hesabu.

Likizo ya Juni, sufuria linapokuwa limepoa, ndiyo nafasi ya kamati kukaa na wakulima na kukagua ghala. Mahindi yakianza kuingia, yapitie shuleni kwanza kabla hayajapanda gari la kwenda mjini.