Pumzi ya Kununua

Kifaa chenyewe kinaingia mfukoni. Unakiuma kwa meno, unabana pua, kisha unavuta hewa kwa nguvu huku springi iliyo ndani ikikukatalia. Mara 30 asubuhi, mara 30 jioni, wiki baada ya wiki. Wauzaji wanaahidi kwamba misuli ya kupumulia itapata nguvu na mbio zitaongezeka kasi. Kijana anayekimbia barabara za vumbi za Rongai (ya Nakuru, si ile ya Kajiado ambayo matatu zake husikika kabla ya kuonekana) ana haki ya kuipima ahadi hiyo kabla ya kutoa hela.

Nusu ya ahadi ni kweli. Kupumua ni kazi, na wafanyakazi wake ni kiwambo kilicho chini ya mapafu pamoja na misuli ya katikati ya mbavu. Ukiwa umeketi, huihisi. Ukikimbia kwa uwezo wako wote, kazi hiyo peke yake hula takriban asilimia 10 ya oksijeni unayotumia, na kwa wanariadha waliokomaa hufika 15. Mwaka 1997 Craig Harms, Jerome Dempsey na wenzao wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliwapima waendesha baiskeli waliokuwa wakijitahidi hadi kikomo. Walipoongeza ugumu wa kupumua, damu iliyofika miguuni ilipungua. Mashine ilipowasaidia kupumua, iliongezeka. Kifua kinapozidiwa, mwili huipunja miguu. Si upendeleo mbaya: miguu ikigoma umeshindwa mbio moja tu.

Nusu ya pili ndiyo yenye mashaka. Tuchukue utafiti wa Stefanos Volianitis, Alison McConnell na wenzao, uliochapishwa mwaka 2001. Wanawake 14 wapiga makasia waligawanywa makundi mawili, wakafanya mazoezi ya kupumua kwa wiki 11. Waliotumia springi ngumu walipunguza muda wao wa mita 5,000 kwa asilimia 3.1. Matokeo mazuri, ila kundi la pili, lililopewa mzigo hafifu usioweza kujenga msuli wowote, nalo lilipunguza muda kwa asilimia 0.9. Faida halisi ya springi, basi, ni kama asilimia 2.2.

Tofauti hiyo si ndogo. Tarehe 26 Juni 2025, Faith Kipyegon, binti wa Keringet katika kaunti hii hii ya Nakuru, alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika nne katika uwanja wa Charléty, Paris. Alimaliza kwa takriban 4:06. Muuzaji mwenye kikokotoo angetoa asilimia 3.1 na kutangaza 3:58. Mkweli angetoa 2.2 na kupata 4:01, na bado angekuwa amekosea, kwa kuwa mpiga makasia hutumia kiwiliwili kuvuta kasia na kupumua kwa wakati mmoja, na mkimbiaji hana kasia. Waandalizi wa jaribio hilo walihangaika na hewa, lakini ile iliyo nje ya kifua: walimzungushia wakimbiaji wa kumkinga upepo na kumvika vazi la kuukata. Siku tisa baadaye, mjini Eugene, alivunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1,500 kwa 3:48.68, akiwa katika mashindano ya kawaida.

Mwaka 2012 Sabine Illi na wenzake wa Zurich walikusanya matokeo ya tafiti 46. Mazoezi haya husaidia, hasa katika michezo ya muda mrefu, lakini anayefaidika zaidi ni yule ambaye mwili wake haujazoea mazoezi. Kwa maneno mengine, kifaa kinachouzwa kwa picha ya bingwa kingemfaa zaidi mteja anayeitazama picha hiyo akiwa kwenye kochi. Msweden Bengt Saltin, aliyewapima wakimbiaji wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, hakuona kwamba waliwazidi sana wa Skandinavia kwa kiwango cha juu cha kutumia oksijeni. Waliwazidi kwa ubahili: kasi ileile, oksijeni kidogo. Ubahili huo haukai mbavuni.

Barakoa zinazodaiwa kuiga hewa ya milimani zina kesi dhaifu zaidi. Utafiti wa John Porcari na wenzake mwaka 2016 uliona kwamba haziongezi hemoglobini. Zinafanya tu kupumua kuwe kugumu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi hapa ina oksijeni pungufu ya ile ya Mombasa kwa takriban moja ya tano. Kumuuzia mtu wa Rongai barakoa ya mwinuko ni kumuuzia mvuvi wa Lamu maji ya chumvi.

Kinachobana vifua huku mara nyingi kina majina ya kawaida: moshi wa kuni jikoni, moshi wa malori yanayopanga foleni Salgaa, vumbi la kiangazi. Kijana anayekohoa na kutoa mlio kifuani kila amalizapo mbio huenda ana pumu inayochochewa na mazoezi. Springi haifungui njia za hewa zilizobana. Daktari ana dawa ya kuvuta inayozifungua, na salbutamol ya kuvuta inaruhusiwa na sheria za kupambana na dawa za kusisimua misuli, kwa kipimo kilichowekwa.

Kifaa kina mahali pake: kwa baadhi ya wagonjwa wa mapafu, kwa waliodhoofika baada ya kupumulishwa na mashine, labda kwa bingwa aliyekwisha kukamilisha mengine yote. Kocha wa Rongai akiletewa, aulize jambo moja: asilimia hizo zilipatikana kwa kulinganishwa na nani? Ikiwa waliotumia kifaa hawakulinganishwa na mtu yeyote, hela hizo zinunue mayai na maziwa, na vijana walale mapema. Faida ya hayo haihitaji kikokotoo cha muuzaji.