Raisi tuliyemchagua akituvunja moyo



Mwaka 2006 karibu watu wote wa Kivu ya Kusini walimpa Joseph Kabila kura. Walitaka amani. Januari 2009 serikali yake ikakubali majeshi ya Rwanda yaingie Kivu ya Kaskazini. Vital Kamerhe, spika wa Bunge, alilalamika kwamba hakujulishwa. Mwezi wa Machi akalazimika kujiuzulu. Wengi huku walivunjika moyo. Katika uchaguzi wa 2011 baba aliweza kubaki na Kabila, mtoto akamfuata Kamerhe, nao wakaitana wasaliti.

Usaliti uko wapi? Kifungu cha 70 cha Katiba kinampa raisi miaka mitano tu. Baada ya hapo anaweza kurudi kwenu kuomba tena, mara moja tu.

Na kabla ya hapo hamlazimiki kunyamaza. Kifungu cha 27 kinamruhusu kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, kuwaandikia wakubwa wa serikali barua ya madai. Wanapaswa kujibu katika miezi mitatu, wala mtu hawezi kushitakiwa kwa ajili ya barua hiyo. Aliyekimbia vita hajapoteza haki hii.

Ninyi machefu, wasaidieni wasiojua kuandika, hata kama barua inamkosoa mtu mnayempenda. Tieni tarehe, bakizeni nakala, na anayeipokea atie sahihi juu ya nakala yenu. Sahihi hiyo wengi huisahau, kumbe ndiyo inayoonyesha miezi mitatu imeanza lini.