Gari Likilala Upande, Usikimbilie Spana

Sisi watu wa pwani tunajua hatari ya chombo kulala upande. Jahazi lililopakiwa ovyo hujulikana kabla halijang'oa nanga, na nahodha mwenye akili hasafiri mpaka shehena ipangwe upya. Ajabu ni kwamba pikapu ikilala upande, husema ni uzee tu, tukazidi kuibebesha.

Haya nayaandika kwa niliyoyashuhudia Kalama, katika vilima vilivyo kusini ya mji wa Machakos. Wakamba si wageni kwetu. Katika karne ya 19 misafara yao ilileta pembe za ndovu hadi Mombasa kwa miguu na mabega ya watu. Leo mabega hayo ni pikapu, na njia zenyewe hupinda kando ya matuta ya mashamba, zikiteremka na kupanda.

Pikapu hiyo ilikuwa na toshoni baa mbele na springi za majani nyuma. Nyuma kushoto imeshuka, lakini mbele i sawa kabisa. Mwenye gari alitaka atiwe shokomzoba mpya, kisha alfajiri apakie maembe.

"Shokomzoba haibebi gari, mzee," fundi akamwambia. "Hiyo hutuliza mruko tu. Kinachobeba ni springi."

Na wala hakushika spana. Kwanza alilitoa gari kwenye mteremko, akaliweka mahali tambarare, halina mzigo wala mtu. Akapima upepo wa tairi zote na kutazama kama zina ukubwa mmoja, maana tairi laini huweza kulaza gari zima. Kisha akalisukasuka likae mkao wake. Ndipo akachukua futi ya utepe, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne. Nyuma kushoto ilipungua sentimita 5. Tofauti ya sentimita moja hivi haina neno, kwani tangi la mafuta na betri hukaa upande mmoja. Tano ni maradhi.

Akapima pia chesisi hadi ardhini, asije akadanganywa na bodi iliyopinda. Chesisi nayo ililala vilevile.

Hapo ndipo palipo na elimu. Aliingiza jeki chini ya chesisi, nyuma, katikati hasa, akainua mpaka springi za nyuma zisiwe na nguvu ya kulaza gari upande wowote. Mbele ikabaki peke yake kusema kweli yake. Lau springi za mbele zingekuwa na nguvu sawa, mbele ingekaa sawa. Lakini kushoto ilipanda juu ya kulia kwa sentimita 2!

"Nani alikaza toshoni baa hii?" fundi akauliza.

Mwenye gari akakiri kuwa mbele nako kulikuwa kumeshuka, na fundi mwingine akakaza bolti mpaka kukanyooka. Basi ugonjwa wa nyuma ulifichwa kwa dawa ya mbele. Sisi washairi tunalijua kosa hili: ukwapi ukipungua mizani, huuponyi kwa kuongeza mizani kwenye utao. Utapata jumla ya 16, lakini shairi limeharibika. Gari nalo likawa linaelemea magurudumu mawili ya mshazari, mbele kushoto na nyuma kulia, na mawili mengine yakiwa mepesi. Breki za ghafla juu ya changarawe kwenye mteremko, gurudumu jepesi ndilo linaloteleza kwanza.

Springi ya nyuma kushoto ilipofunguliwa, jani la pili lilikutwa limekatika karibu na senta bolti, chini ya yubolti, mahali jicho halifiki. Fundi akaagiza springi mbili, kwani mpya na iliyochoka hazilingani, na akasema bolti ya mbele atailegeza baada ya hapo, si kabla.

Mwenye gari alinung'unika, maembe hayangoji. Fundi hakutikisika. "Juu ya maembe hukaa watu," alisema.

Naam, mficha maradhi kifo humuumbua. Msomaji mwenye pikapu, futi ya utepe ni rahisi kuliko springi, na springi ni rahisi kuliko roho. Pima pembe zote nne kabla hujamlipa mtu akaze chochote.